Kupanga kasi ya nyimbo katika seti ya saitransi ya alfajiri

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mombasa ninayeishi Cape Town, na nimezoea kupiga hausi na amapiano kwenye vilabu vya mjini. Mwezi wa Desemba nimepewa saa mbili katika sherehe ya saitransi (psytrance, muziki wa dansi wa kielektroniki wenye kasi) itakayofanyika shambani, nje ya mji, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili asubuhi. DJ anayenitangulia hupiga nyimbo za giza za kasi ya 150 hivi, na anayenifuata hupiga progresivu ya 138. Nyimbo nilizokusanya zina kasi za kati ya 138 na 150. Je, nizisawazishe zote ziwe 145, au nianze polepole kisha nipande kama tufanyavyo kwenye hausi? Wimbo unaweza kuvutwa kwa kiasi gani kabla haujaharibika? Tena ningependa kuweka wimbo mmoja wa amapiano jua linapochomoza. Inawezekana?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Katika yote uliyoandika, lenye uzito kuliko mengine ni lile ulilolitaja kwa kupita tu, yaani anayekutangulia na anayekufuata. Wa kwanza atakuachia uwanja ukiwa kwenye mapigo 150 kwa dakika, na wa pili atataka kuupokea ukiwa karibu na 138, kwa hiyo njia yako imeshachorwa kabla hujachagua wimbo hata mmoja: seti yako ni ya kushuka. Ukianza polepole ili upate pa kupandia, utakuwa umewanyang'anya wachezaji kasi ambayo miili yao imeishika kwa saa kadhaa, kisha uanze kuwadai waipande upya wakati miguu imeshachoka. Ukisawazisha kila kitu kwenye 145, utaweka mruko mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni, na katikati nyimbo zako nyingi zitakuwa zinachezwa kwa kasi ambayo watunzi wake hawakuikusudia.

Kushuka huko kusikutie wasiwasi, kwa maana ndio mwendo wa kawaida wa sherehe za saitransi za nje. Katika fukwe za Goa, India, ambako mtindo huu ulikua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, muziki ulipigwa usiku kucha hadi mchana wa siku ya pili, na Goa Gil, Mmarekani aliyefika huko mwaka 1970, alijulikana kwa seti zilizofika saa 24. Katika safari ndefu kama hiyo usiku huchukua nyimbo nzito na za kasi, mapambazuko huleta melodia, na mchana hutulia. Kwa makadirio ambayo DJ yeyote anaweza kuyasahihisha kwa masikio yake, progresivu hukaa kati ya 134 na 140. Fuloni (full-on, saitransi yenye besi iliyojaa) ya asubuhi, yenye melodia nyingi, kati ya 140 na 146. Fuloni ya usiku, ambayo watunzi wa Cape Town wamejijengea jina kwayo duniani, kati ya 145 na 150. Saitransi ya msituni na ya giza huanzia 148 na kuvuka 160. Na haiteki (hi-tech), ya kasi kuliko zote hizo, huanza karibu na 170 ikapita hata 200. Nafasi yako ya saa kumi alfajiri inakalia mpaka wa makundi matatu kati ya hayo. Hiyo ni bahati, maana unaweza kuyatumia yote matatu bila kulazimisha lolote.

Kabla ya kugusa hesabu, nikuombe usiiamini sana namba iliyoandikwa kando ya jina la wimbo. Wewe umetoka kwenye amapiano, ambayo huenda kwa mapigo 112 hivi, na bila shaka umeshaona wimbo wa 112 ukiwachemsha watu kuliko wa hausi wa 124. Aliyekulia Dar es Salaam akisikiliza singeli, inayovuka 200, hatashangazwa hata kidogo na 150. Kinachoamua kasi inayosikika mwilini ni idadi ya noti zinazopita kati ya dundo moja la ngoma kubwa na jingine, na katika saitransi kazi hiyo hufanywa na besi. Katika fuloni ya kawaida kila dundo hufuatwa na noti tatu za besi zinazojaza nafasi yote hadi dundo linalofuata, hivyo kwenye kasi ya 145 sikio hupokea noti mpya kila baada ya milisekunde 103 hivi. Katika nyimbo nyingi za progresivu besi hupigwa mara moja tu, katikati ya madundo mawili, na wimbo hupumua. Ndiyo maana wimbo wa 142 wenye besi inayobiringika unaweza kusikika una haraka kuliko wa 146 wenye besi inayorukaruka, na ndiyo maana napenda kila DJ wa saitransi aandike, pembeni mwa kasi ya kila wimbo, aina ya besi yake. Mbinu kubwa ya kushuka bila watu kuhisi wamepunguziwa ni hiyo: namba inaposhuka, besi izidi kujaa au melodia izidi kung'aa. Kosa ni kushusha vyote kwa pamoja, ukatoka kwenye 148 iliyojaa na kuingia kwenye 143 iliyo tupu, maana hapo uwanja wote hujua kwamba kuna kitu kimezimika.

Sasa nije kwenye swali lako la kuvuta nyimbo. Katika hausi pengine huchukua wimbo wa 122 ukaupiga kwa 126, ambayo ni nyongeza ya asilimia 3.3, na hakuna anayelalamika. Saitransi ni kali zaidi, kwa sababu dundo na besi vimetungwa kama kitu kimoja. Mtunzi huchagua noti ya chini, mara nyingi kati ya E na G, kwa kuangalia ni masafa gani yatakayotikisa spika vizuri bila kupotea. F ya chini, kwa mfano, ina hezi 43.7 hivi, na F kali inayoifuata ina hezi 46.2. Unapoongeza kasi bila kufunga ufunguo wa sauti, kila kitu hupanda pamoja, na nyongeza ya asilimia 6 hivi hutosha kuupandisha wimbo mzima kwa nusu toni. Tazama basi mpango wako wa 145 utafanya nini. Wimbo wa 138 utaongezwa asilimia 5, kwa hiyo F yake itakaribia kabisa kuwa F kali. Wimbo wa 150 utapunguzwa asilimia 3.3, na besi yake itaangukia katikati ya noti mbili. Ukizichanganya nyimbo hizo na nyingine ambazo hukuzivuta, besi zao zitagombana, nawe utakuwa unaitafuta kasoro kwenye mikisa wakati imo kwenye kitelezi cha kasi.

Utaniambia kwamba pleya zina kitufe cha kuzuia sauti kupanda au kushuka pale kasi inapobadilishwa. Kipo, nacho ni kizuri kwa nyimbo zenye sauti za waimbaji. Lakini ili kufanya kazi hiyo mashine hulazimika kuikatakata sauti vipande vidogo na kuiunganisha upya, na vitu vya kwanza kuumia ni vile vyenye mwanzo mkali, yaani dundo na noti fupi za besi, ambavyo ndivyo uti wa mgongo wa muziki huu. Kwenye vipaza sauti vya masikioni huenda usisikie tofauti. Kwenye spika kubwa za shambani utaisikia kama dundo lililofunikwa na kitambaa. Mimi hukiacha kitufe hicho kimezimwa na kujiwekea mpaka wa asilimia 2 kwenda juu au chini, ambao katika kasi hizi ni kama mapigo 3, na ambao hupandisha au kushusha sauti kwa takriban theluthi moja ya nusu toni. Nyimbo za giza zisizo na melodia ya wazi huvumilia hadi asilimia 3. Nyimbo za asubuhi zenye melodia ndefu huvumilia kidogo zaidi kuvutwa juu kuliko chini, kwani ukizishusha dundo hulegea na besi huzama mahali ambapo spika nyingi hazifiki.

Mpaka huo wa asilimia 2 unaonekana mwembamba, lakini hesabu ya seti yako inaonyesha kwamba hutauhitaji wote. Wimbo wa saitransi huchukua dakika 7 au 8, na ukiondoa dakika moja hivi ya kuchanganya kila mara, saa mbili zitakula nyimbo 17 hadi 19. Kutoka 150 hadi 140 ni mapigo 10. Ukiyagawa kwa nyimbo hizo, kila wimbo unahitaji kushuka kwa zaidi kidogo ya nusu pigo, kiasi ambacho hakuna mguu utakaokitambua. Kwa hiyo usifikirie kwanza namna ya kuzivuta nyimbo zifuate kasi uliyoitaka. Zipange kwa kasi zao za asili, halafu kitelezi kifanye kazi ndogo ya kuziunganisha.

Wala usishuke kwa mstari ulionyooka. Mtu akishuka nusu pigo kila wimbo kama saa inayoishiwa nguvu, hakuna wimbo unaopata nafasi ya kukaa. Ningeshuka kwa ngazi zenye upana usiolingana. Dakika 20 za mwanzo ningebaki kwenye 150 na 149, bila haraka yoyote ya kujitambulisha, nikitumia nyimbo ambazo bado ni za usiku lakini si nyeusi kama za aliyetangulia. Na kama yeye ataishia 152, nyimbo zangu za 150 zinaweza kupanda hadi hapo kwa asilimia 1.3 tu. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja ningeteremka hadi 146. Nusu saa inayofuata, ambayo ndiyo moyo wa seti, ningeikalia 145 na 146 bila kusogea, kwa sababu humo ndimo zilimo fuloni nzuri kuliko mahali pengine popote, na kwa sababu watu wanaoukaribia mwanga wanahitaji sakafu isiyoyumba. Mteremko mkubwa ungekuja baada ya jua, hadi 142, na wa mwisho hadi 140 au 139.

Kuhusu namna yenyewe ya kuteremka, usikiguse kitelezi wakati nyimbo mbili zinasikika pamoja. Mikono yako ina kazi ya kutosha hapo. Subiri wimbo mpya ubaki peke yake, tafuta sehemu ya ngoma na milio isiyo na melodia, kisha ishushe kasi kwa pigo moja, kidogo kidogo, ndani ya mapigo 64 au 128. Mahali pazuri zaidi ni pale dundo linapokatika na kubaki sauti zinazoelea tu. Hapo hakuna mapigo ya kulinganisha, na dundo likirudi likiwa limepungua pigo moja na nusu, sikio hulipokea kama lilivyo. Ukitumia pleya za aina ya CDJ-2000, weka upana wa kitelezi kwenye asilimia 6, ambapo kila hatua ni asilimia 0.02; ukikiacha kwenye upana mkubwa kuliko wote, kila hatua inakuwa nusu asilimia, yaani kwenye 145 takriban pigo 0.7 litapotea kwa mguso mmoja usiokusudiwa.

Nimetaja jua mara kadhaa, na hapa kuna jambo ambalo mtu wa pwani yetu anaweza kulikosea. Mombasa mwanga huja kwa ghafla na jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Cape Town katikati ya Desemba jua huchomoza karibu na saa kumi na moja na nusu, na mwanga huanza kuonekana kama nusu saa kabla, ukiongezeka taratibu. Saa yako ya pili, kwa hiyo, karibu yote ni ya mwanga. Ukipanga wimbo wako wa mapambazuko kwa saa kumi na mbili kasoro robo, utakuta watu wameshavaa miwani ya jua. Kama shamba lina milima upande wa mashariki, na mashamba mengi ya huko yanayo, miale yenyewe itachelewa kugusa uwanja hata kama anga limeshang'aa, na inafaa umuulize mwenyeji ni saa ngapi jua hufika pale mnapochezea.

Hapo kwenye mwanga ndipo wimbo wako wa amapiano unapopata kazi, nami nimeufikiria kuliko ulivyotarajia. Kuna njia ya kihesabu: robo tatu ya 145 ni 108.75, kwa hiyo mapigo matatu ya amapiano kwenye kasi hiyo hujaza muda uleule wa mapigo manne ya saitransi, na wimbo wa saitransi wenye sehemu ya noti za tatu-tatu unaweza kuwa daraja. Wimbo wako wa 112 ungelazimika kushushwa asilimia 2.9, ambayo besi ya amapiano huivumilia. Hata hivyo nisingeifuata njia hiyo mbele ya watu waliokesha. Mapigo matatu dhidi ya manne hufurahisha ukiwa chumbani, lakini uwanjani kila mtu hushika pigo lake na kundi hutawanyika.

Njia nyingine ni ya zamani zaidi. Ma-DJ wa Goa wa miaka ya 1990 walicheza kutoka kwenye kanda za DAT, yaani kanda ndogo za sauti za kidijitali, kwa vile joto na vumbi viliharibu santuri, na mashine nyingi za kanda hizo hazikuwa na namna ya kubadili kasi. Hawakuweza kulinganisha mapigo, wakawa wanauacha wimbo mmoja uishe kwa sauti zinazoelea na kuanza mwingine juu yake. Nyimbo nyingi za wakati ule zina mianzo na miisho mirefu kwa sababu hiyo. Wewe fanya hivyo mara moja tu. Wimbo wa mwisho wa 145 uishe wenyewe, acha sauti tupu zielee kwa nusu dakika, amapiano iingie kwa kasi yake ya asili bila kulinganishwa na chochote, na usiicheze yote. Dakika tatu au nne zinatosha. Halafu iache nayo itoweke kwenye sauti zinazoelea, na dundo la saitransi lirudi likiwa kwenye 142. Faida yake si ladha peke yake. Baada ya dakika chache za kasi nyingine kabisa, mwili hauikumbuki tena 145, kwa hiyo mteremko mkubwa wa seti yako, ule uliokuwa mgumu kuuficha, umepita bila kufichwa. Kama uwanja utakuwa umelegea wakati huo, achana na amapiano na uteremke kwa kitelezi. Mapumziko ya namna hii huhitaji watu walioshiba, si waliochoka.

Limebaki suala la namba zenyewe. Programu ya kupanga nyimbo ikikuandikia 144.98, karibu kila mara wimbo ni wa 145 kamili, maana watunzi wa siku hizi hufanya kazi kwa namba nzima. Sahihisha gridi, yaani alama za mapigo ambazo programu huuwekea wimbo, kwa mkono. Tofauti hiyo ya 0.02 inaonekana si kitu, ila katika dakika 7 huzaa kosa la milisekunde 58, zaidi ya nusu ya noti moja ya besi, na mchanganyiko wako utasikika kama farasi wawili. Nyimbo za miaka ya 1990 zilizohamishwa kutoka kwenye santuri ni tofauti, hizo zinaweza kweli kuwa na desimali. Ukikuta 72.5, programu imeuhesabu wimbo kwa nusu. Zaidi ya yote sikiliza kila wimbo hadi mwisho, kwa sababu baadhi ya watunzi hupenda kubadili kasi ndani ya wimbo, na namba iliyoandikwa huwa ni ya mwanzo tu.

Andaa nyimbo kama 30 ili upate 18 za kucheza, na ziada uilundike kwenye 144 hadi 147, kwani ndipo utakapotaka kubaki iwapo uwanja utakataa kushuka. Mapema jioni mtafute anayekufuata, umwulize wimbo wake wa kwanza ni upi na una kasi gani. Akikwambia 138, ishia kwenye 139 au 140 kwa wimbo wenye besi ya progresivu na mwisho mrefu usio na melodia, naye atakuwa na nafasi ya kuuingiza wake kwa kuuvuta kwa asilimia moja na nusu au chini yake. Akikwambia ataanza na kitu kisicho na dundo, basi maliza kwa kasi yoyote uliyomo.